Wali Aliyeitoa Kahawa Barzani

Iko asubuhi moja, mwanangu, haijanitoka akilini mpaka leo. Ilikuwa Jumatano, jua la huku Sharqiya limeshaanza kuuma, na mie nimesimama mlangoni kwa Wali, mkuu wa wilaya, na ratiba yake ya siku mkononi.

Nimeikumbuka jana uliponionesha ratiba yako, ile uliyoichapa kwa kompyuta na kuitia rangi, kijani kwa vikao na buluu kwa wageni. Nikanyamaza, ukadhani nimeipenda. Sikuipenda wala sikuichukia. Umeteuliwa naibu wali, na kwetu ni fahari kubwa. Mama yako, dada yangu, angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka majirani waje kuuliza kuna nini. Lakini cheo ni dhamana. Kabla hujaibandika hiyo ratiba ukutani, kaa hapo, unywe chai yako, nikueleze. Na simu hiyo iweke mbali, haitakimbia.

Siye tulirudi Omani kutoka Tabora miaka ya sabini, mie kijana, Kiarabu changu cha kuokoteza. Nikapata kazi katika ofisi ya Wali, nikapanda polepole mpaka nikawa katibu wake. Wilaya gani sitaitaja, watu wake wapo hai na wengine wananiamkia msikitini. Nimewatumikia mawali wengi, maana wali hakai. Akishawazoea watu na watu wakamzoea, anahamishwa.

Watu hudhani kazi ya wali ni kuegemea mito na kunusa udi. Thubutu! Alfajiri yuko msikitini, na kabla hajavaa viatu keshashikwa mkono na mtu ambaye shamba lake halipati maji ya mfereji wa falaji. Saa moja na nusu yuko ofisini, simu za Maskati zinalia. Kisha barza, nitakwambia habari yake. Baada ya barza kuna kamati, wahandisi, mafaili ya kutia sahihi, na ndugu wawili waliogombana shamba la tende ambao hawataki kukaa chumba kimoja. Jioni anakwenda kuhani msiba, huku njiani anaoneshwa bwawa lililobomoka. Usiku harusi, na lazima aonekane, hata kama macho yanamfumba. Mie nilikuwa nyuma yake siku zote hizo na miguu yangu inajua.

Sasa barza. Ni chumba kirefu, mazulia chini na mito ukutani, mlango wazi. Anaingia yeyote, tajiri na maskini, mtu wa mjini na bedui wa mchangani. Anakaa. Inakuja tende, inakuja kahawa. Wali anauliza, "Habari za huko?" Mgeni anajibu, "Hakuna, ila kheri." Kahawa inazunguka tena. Mgeni akitosheka anakitikisa kikombe, mpika kahawa anakipokea. Ndipo, baada ya hapo, mtu anakohoa kidogo na kusema, "Ama kuna kijambo." Hicho kijambo ndicho kilichomtoa kwake usiku. Nyinyi mliokulia kwenye mafleti ya Maskati desturi hii mnaisikia tu, lakini huku mtu nyumba yake inaweza kuwa inawaka moto, ukimuuliza kwanza habari atakwambia hakuna ila kheri. Si uongo. Ni adabu, humrukii mwenyeji wako na balaa kabla hujala chake.

Basi tukaletewa Wali mpya, kijana wa Maskati, msomi, mtu safi asiyekula cha mtu. Simsengenyi, nilimpenda. Akakuta barza inakula asubuhi nzima, mafaili yamepanda mpaka yanaegemea dirisha, na watu wa falaji wanasubiri sahihi tangu Ramadhani. Akatengeneza ratiba. Kila mgeni dakika kumi, na kikengele mezani. Na kahawa akaitoa barzani, akaipeleka ukumbini kwa wanaosubiri. "Wanywe huko," alisema, "wakiingia kwangu waingie na haja zao tu."

Wiki za mwanzo tulifurahi, nisikudanganye. Mafaili yalishuka, mie nikawa narudi nyumbani mapema mpaka mke wangu akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Mpika kahawa peke yake, Mbaluchi mmoja mzee, alinuna. Alisema kahawa ya ukumbini ni kama kahawa ya hoteli, haina mwenyeji. Nikamwambia, "Wewe mimina tu, ya serikali tuachie siye."

Jumatano ile akaja Mzee Musallam, bedui wa upande wa njia ya Jalan. Mkewe, Shamsa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakamzika kwenye makaburi ya ukoo wao pembeni mwa njia. Makaburi yetu unayajua, mawe tu yaliyosimamishwa, mawili kwa mwanamume, matatu kwa mwanamke, hakuna jina wala ukuta. Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, na greda la kampuni limefika hapo. Mzee alimfuata msimamizi, msimamizi akamwambia haoni makaburi, anaona mawe. Ndipo Musallam akapanda gari la jirani yake aliyekuwa anampeleka mkewe Ibra, kwenye soko la wanawake la Jumatano, akashushwa kwetu. Alikuja kumwomba Wali neno moja tu kwa kampuni, greda lisipite juu ya mkewe. Na siku hizo mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Asiposikilizwa Jumatano hiyo, hakuna wa kumsikiliza mpaka Jumamosi.

Yote haya niliyajua baadaye. Wakati ule niliona mzee mwembamba, kanzu yake imefuliwa mpaka imepauka, fimbo ya ngamia mkononi. Zamu yake ilifika hata hajakaa ukumbini, nikamwingiza. Wali akamwamkia vizuri, akamuuliza, "Habari za huko?"

"Hakuna, ila kheri."

"Alhamdulillahi," akasema Wali, na jicho kwenye saa.

Mzee akatulia, anangoja. Akatazama mlango, akanitazama mie, akatazama mlango tena. Alikuwa anangoja kahawa, mwanangu! Na kahawa haiji. Kikengele kikalia. Wali akasema kwa upole, "Basi tumshukuru Mungu, mzee. Karibu tena." Mzee Musallam akainuka, akatoka. Wali akaniambia, "Unaona? Mtu katoka jangwani kuja kunisalimu tu. Watu wazuri hawa."

Nikaingiza mwengine.

Karibu na adhuhuri nikatoka nje, nikamkuta ameegemea ukuta, kivulini, anatazama lango letu. Gari la jirani lilikuwa bado halijarudi. Mtu aliyekuja kusalimu hakai nje saa zote hizo anatazama lango. Nikamwita Mbaluchi alete dele la kahawa na tende, nikakaa chini kando ya mzee, na kanzu yangu ya ofisini. Tukala tende. Tukanywa, tukaongeza. Nikauliza habari, akasema hakuna ila kheri. Nikanyamaza. Wallahi hakuna kazi ngumu kama kunyamaza na simu inakulilia ndani. Akakitikisa kikombe, akakirudisha.

"Ama kuna kijambo," akasema, na akanieleza.

Nilikimbia, mie na kitambi changu. Wali yumo garini tayari, dereva kawasha, wanakwenda Maskati kwa njia ya Bidbid, ana kikao cha alasiri. Nikasimama mbele ya gari.

"Una wazimu?" akaniuliza, kashusha kioo.

Nikamwambia habari ya greda. Akakasirika. "Mtu huyu nilimuuliza mwenyewe! Kasema hakuna habari, ulikuwepo!"

"Ulimuuliza kabla hujamnywesha kahawa, Sheikh," nikasema. "Nawe ni mtoto wa Kiomani."

Uso umemwiva, nami nawaza watoto wangu wanne na kodi ya nyumba. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaenda kwa Musallam pale ukutani, na joho lake linaburuta vumbi. "Mzee wangu," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Musallam hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, nilikuja kwako nikakuta umeshaondoka. Umekaa mbele yangu, lakini umeshaondoka. Haja ya mtu haitoki ikiwa imesimama. Ulitaka nikutupie kaburi la mke wangu juu ya zulia, kama anayeuza mbuzi?"

Nimekaripiwa na wengi maishani, na baba yangu alikuwa na mkono mzito, lakini maneno yale sikuambiwa mie na mpaka leo yananiuma. Wali akamshika mkono, akamtia kwenye gari lake, kiti cha mbele. Mie nyuma. Kikao cha Maskati akakiahirisha kwa simu, maneno mawili tu.

Tulilisikia greda kabla ya kuliona. Wali akashuka gari halijasimama sawasawa, akanyoosha mikono miwili juu, na dereva wa greda, kijana wa Kipunjabi, akalizima. Maskini kijana! Alipoelezwa ni nini alichokuwa anakisukuma, aliivua kofia yake akaishika kifuani. Alikuwa ameambiwa asawazishe, akasawazisha.

Makaburi mengi yalikuwa yamesalimika. Safu moja tu ndiyo iliyokwenda, ya mwanzo, upande wa njia. Mawe yake yamekokotwa yote pamoja na mchanga, lundo moja. Nikamtazama Mzee Musallam, naye analitazama lundo.

"Alikuwa safu hii," akasema. "Mwenyewe aliitaka. Alipenda kuona nani anapita."

Nililia, sikuona haya. Wale waliofanya kazi hapo walisema safu ile ilipitiwa asubuhi, saa nne hivi au tano. Saa hiyo Shamsa alikuwa na mtu wa kumtetea, na mtu huyo kakaa langoni petu, kanyamaza kwa adabu zake.

Mzee akainama, akaokota mawe matatu. Hakuyajua kama ndiyo ya mkewe au ya mwengine, nani angeyajua? Akapiga hatua, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akakisia. Wali akavua joho, akapiga magoti mchangani, akachimba kwa mikono, wakayasimamisha wote wawili. Wali akasema, "Nisamehe." Mzee akajibu, "Alhamdulillahi, wengine wamepona," na akamwomba maji ya kutawadha.

Barabara ilisogezwa. Ukipita leo kwenda Jalan utaona mahali inapinda bila sababu, na ukuta mfupi umejengwa pembeni. Punguza mwendo hapo, uwasomee Fatiha.

Jumamosi Wali akarudisha kahawa barzani na kikengele akampa mwalimu mmoja wa skuli. Ratiba hakuichana, na alifanya vizuri, maana mafaili nayo ni haki za watu, na anayengoja sahihi ana machungu yake. Alihamisha vikao, akaamka mapema zaidi, akanichelewesha mie kurudi nyumbani. Lakini asubuhi ya barza akaiacha nyeupe, haina saa. Alidumu nasi miaka, na alipohamishwa wazee walimsindikiza mpaka njia panda ya Bidbid. Wali kusindikizwa mpaka Bidbid sijaona tena.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike. Ratiba uwe nayo, kazi bila mpango ni ghasia tu. Jibu simu za wakubwa, tia sahihi za watu kwa wakati, usilimbikize. Lakini katika rangi zako zile, iache asubuhi yako bila ya rangi. Mtu akija, mkalishe, mpe chako ale, na akikwambia hakuna ila kheri, usiinuke. Wewe ndiye uliyepewa cheo, kwa hivyo wewe ndiye wa kungoja. Mwenye shida kubwa ndiye anayechelewa kuisema, na mwenye kupiga kelele mara nyingi hana neno. Watu watakwambia haraka ndiyo maendeleo. Wajibu kwa heshima kwamba haraka haraka haina baraka, na greda halimngojei mtu arudi kesho. Nakwambia haya kwa sababu majuto ni mjukuu, na mie nimewaona wawili wamepiga magoti juu ya mchanga wanakisia.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akukunjulie kifua, akupe subira ya kukaa na mtu mpaka aseme, na akuepushe na shida uliyoletewa ukaipita. Na siku utakapokivua cheo hicho, akujaalie kila nyumba ya wilaya hiyo uweze kuingia, ukae, unyweshwe kahawa, bila ya mtu kukutazamia saa. Amin.