Mahindi ya Mbinya

Watu wakiniambia nyani ni mwizi, huwa nawauliza ni nani aliyeanza kuiba. Nilipoolewa hapa, upande huu wa Mutomo, mwaka wa sitini na nne, mlima ulio nyuma ya nyumba zetu ulikuwa na miti hadi kileleni. Nyani waliishi huko juu wakila makuyu yao, nasi huku chini tukila mahindi yetu. Kisha malori ya makaa yakaja. Tulikata sote, wanaume kwa wanawake, na pesa tukazila zikaisha.

Ndipo nyani wakashuka.

Aliyeumia zaidi ni Mbinya. Yeye na mimi tuliolewa na ndugu wawili, na shamba lake ndilo lililopakana na mlima. Mumewe alikuwa ameshazikwa, na kati ya watoto alibaki na Kasyoka peke yake. Sasa nyani ana akili: wawili watatu hujionyesha mbele uwarushie mawe, huku wenzao wanavuna nyuma. Mlinzi mmoja hatoshi. Kwa hiyo mvua ilipotuokoa na ile njaa ya themanini na nne, Kasyoka alitolewa shule akalinde upande wa pili. Mtoto alilia, mama akalia, na mahindi bado yaliliwa.

Mwishowe Mbinya aliloweka punje za mahindi kwenye dawa ya kupe, akazimwaga mpakani. Kesho yake tulikuta nyani wamelala wafu kila mahali. Majirani walimpongeza, kanisani tukatoa shukrani, na Jumatatu Kasyoka akarudi darasani. Hata mimi nilifurahi. Mwenye njaa hana miiko.

Lakini jike mmoja alibaki. Alizunguka pembeni mwa shamba amempakata mtoto wake aliyekufa, akimchambua manyoya. Siku zikapita, mtoto akajaa nzi, na bado hakumweka chini. Nilichoka kumtazama. Nikamwambia Mbinya tumfukuze.

“Mwache, Mama Mulei,” akasema. “Huyo hajaambiwa bado.”

Nikaliangusha jiwe nililokuwa nimeliokota. Wakati wa njaa, Mbinya alimbeba kitinda mimba wake mgongoni hadi hospitali ya misheni, akimwimbia njia nzima. Waliokutana naye waliona mtoto ameshakufa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikuja kuambiwa na nesi aliyemfungua leso.

Basi Mbinya akaingia shambani, akavunja mahindi mabichi, mazuri, yasiyo na dawa yoyote. Akayaweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, akaketi chini. Yule jike alikuja polepole, akanusa. Alimwangalia Mbinya kwa muda mrefu, kisha akamkaza mtoto kifuani, akageuka, akaupanda ule mlima mtupu bila kugusa hata punje.

“Hata mimi singekula,” Mbinya akasema, na hapo ndipo alipolia hadi nikashindwa kumnyamazisha.