Uzio Usio na Upenyo

Mume wangu alianza kuchimba mashimo ya uzio mwezi wa pili tangu apunguzwe kazi. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani katika ghala la pamba la ushirika, hapo Bariadi. Wakulima walimwita Karani tu, hata kanisani. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ukaishiwa nguvu, na siku moja yeye na wenzake wakaitwa ofisini, kila mmoja akapewa bahasha yenye barua. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Mimi aliniambia jioni, akiwa amenipa mgongo, akifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Binti yetu wa pekee alikuwa bweni Mwanza, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili. Uwanja wetu ulikuwa wazi pande zote, kama nyumba nyingi za mtaa ule, na watu waliotoka kisimani walikatiza mbele ya baraza wakisalimia. Kila aliyekatiza alimkuta Karani amekaa.

"Leo hukwenda kazini?"

"Niko likizo," alijibu.

Alikuwa likizo wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wiki ya nne akaingiza kiti chumbani, akawa anakaa humo dirisha likiwa limefungwa, na kiangazi kile kilikuwa cha joto kweli. Chakula alikigusa tu. Nikimwuliza jambo alinijibu baada ya kitambo, na mara nyingine alijibu swali la jana.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mmoja wa wale waliopewa bahasha siku ile ile, mtu wa mtaa wa pili, alikunywa dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu. Tulikwenda pamoja kumzika. Mume wangu alishika koleo kaburini, akafukia bila kupumzika, mpaka watu wakamwomba awaachie na wengine. Hakusema neno kuhusu msiba ule, siku hiyo wala baadaye.

Na sisi tulikuwa na dawa hiyo. Kopo lake lilikuwa stoo, limebaki nusu, la kupulizia shamba letu dogo la Nkoma. Kesho yake nililifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaliweka chini ya kikapu, nikalifunika kwa madaftari ya darasa la tano, nikaenda nalo shuleni. Nililifungia kwenye kabati la chaki la ofisini, ufunguo nikauvaa shingoni. Njiani nilihisi kila aliyenisalimia ananusa. Nilijua si halali kuweka kitu kama kile mahali penye watoto, lakini sikuona pengine. Wakati wa kurudi nikapita mbele ya duka jipya na kuona makopo yale yale yamepangwa rafuni, jirani na sukari na sabuni. Zamani dawa ya pamba uliipata kwa ushirika, kwa kuandikisha jina. Sasa yeyote angeweza kuingia na kutoka na kopo mkononi. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza nataka nini.

Kwa hiyo aliponiambia anataka kuzungushia uwanja, nilifurahi.

"Uzio wa nini?" nilimwuliza.

"Wa mabanzi."

Mabanzi ni yale mapande ya nje ya gogo, yenye magome upande mmoja, yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Lori liliyaleta pamoja na mbao za mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Kwetu watu walizungushia minyaa, wakaipanda na kuiacha iote. Uzio wa mbao tuliuona kwa mabwana wa serikali. Nilitaka kumwambia hivyo, nikajizuia, kwa sababu alikuwa amevaa nguo za kazi na alikuwa ananitazama usoni.

Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga. Kiangazi hukauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukiupiga mtaimbo unarudi. Aliupata ujanja wake. Kila jioni alimwaga maji kwenye alama za mashimo ya kesho, asubuhi akachimba palipolainika. Nguzo zilikuwa za migunga. Alizichoma miguu kwenye moto, akazipaka oili chafu aliyoiomba gereji ili mchwa wasiziguse, akavuta kamba kutoka pembe hadi pembe na kuzisimamisha kwa timazi. Nguzo moja ilipopishana na kamba kwa upana wa kidole, aliing'oa. Alikuwa mtu wa vipimo maisha yake yote.

Akaanza kula. Akaanza kulala. Nikitoka shule nilimwona tangu barabarani, kichwa na mabega, nyundo ikipanda na kushuka, na moyo wangu ulitulia kabla sijafika. Wiki iliyofuata nilikiona kichwa peke yake. Baada ya hapo nikawa nasikia nyundo bila kumwona.

Jirani yetu wa upande wa kisima alikuwa mjane aliyeishi kwa kuuza michembe. Siku nzima alikaa mbele ya nyumba yake akimenya viazi, akivikata na kuvianika. Yeye ndiye aliyepita kwetu mara nyingi kuliko wengine wote. Asubuhi moja alinisubiri njiani, ndoo kichwani.

"Mwalimu, tumewakosea nini?"

"Hakuna kosa. Ni vibaka tu siku hizi."

"Mna nini cha kuibiwa ambacho mimi sikijui?"

Aliniangalia kidogo, akazunguka njia ndefu na maji yake. Kuanzia siku hiyo tukawa tunasalimiana kwa mbali.

Mabanzi hayanyooki kama mbao. Kati ya moja na jingine palibaki mianya ya kupitisha mkono, na mimi niliipenda mianya ile. Jumamosi moja nikamkuta anapigilia safu ya pili, banzi juu ya kila mwanya.

"Tuache japo kidogo," nilimwambia. "Hewa ipite."

"Hewa inapita juu."

"Na mtu akitaka kukuita?"

"Nani ananiita?" alisema. Kisha akanipa banzi nilishike, lisitikisike anapopigilia.

Nililishika. Mchana ule wote nilimshikia, moja baada ya jingine, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu anayepiga misumari hafanyi jingine. Kufikia jioni tulikuwa hatuoni nje hata kwa jicho moja. Aliweka lango la mabanzi yale yale, bawaba mbili, na komeo upande wa ndani.

Sikuwa nimepata kuogopa kama nilivyoogopa wiki ile. Zamani nilijua hali yake nikiwa mbali. Sasa ilinibidi nifike, nibishe hodi, nisubiri komeo livutwe. Darasani niliandika ubaoni na kusahau sentensi katikati. Watoto waliniambia, "Mwalimu, umeandika mara mbili."

Siku yenyewe nilitoka shule saa tisa. Nyundo haikusikika. Nilibisha, nikaita hodi. Nikaita, "Baba." Kimya. Nilisukuma lango, nalo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Ningeweza kupiga kelele, na mpaka leo nashangaa kwa nini sikupiga. Nadhani na mimi nilikuwa nimeambukizwa ile aibu. Nilizunguka uzio nikipapasa kwa vidole, natafuta mahali pa kutazamia, na kila nilipopapasa nilikutana na banzi nililolishika mwenyewe. Kuku walikuwa wanalia ndani. Nikazunguka mara ya pili.

"Mwadila, mayu."

Alikuwa yule jirani, akinisalimia kwa Kisukuma, amesimama na kisu chake cha kumenyea.

"Amefunga," nilimwambia. "Haitikii."

Aliingia kwake, akatoka na mtaimbo, akauchomeka nyuma ya banzi la kwanza na kuubinya. Misumari ikalia. Akabandua la pili na la tatu, nami nikayavuta kwa mikono, na sikujua kwamba nimejikata mpaka usiku nilipooga. Tukapenya.

Alikuwa nyuma ya nyumba, kati ya choo na uzio. Pipa alilokuwa akipandia kupigilia misumari ya juu lilikuwa limelala pembeni. Yeye alilala chali, mguu mmoja umegeukia upande usio wake, midomo imekauka na kupasuka, nzi usoni. Macho yalikuwa wazi. Nilipiga magoti, na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kumshika mguu, kabla hata ya kumpa pole, niliinama nikamnusa mdomo.

Alielewa.

"Sijanywa kitu," alisema. "Nimeanguka."

"Tangu saa ngapi?"

"Ulipoondoka tu."

"Siku nzima? Mbona hukuita?"

"Niliita."

Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mimi nimekaa hapo nje nakata viazi tangu asubuhi," alisema. "Sikusikia mtu, shemeji."

Mume wangu aligeuza uso upande wa uzio. "Niliita polepole," alisema.

Nilimpa maji kwa kijiko. Jirani alitoka barabarani na kuita kwa sauti ambayo mimi niliikosa, na kwa muda mfupi uwanja ule uliofungwa ukajaa wanaume. Hapakuwa na gari. Walikata shauri kung'oa lango kwenye bawaba na kumlaza juu yake. Walipomwinua alipiga yowe moja tu, kisha akanishika kanga.

"Nifunike uso," aliniambia. "Tunapita sokoni."

Nilianza kuifungua kanga. Jirani akanishika mkono.

"Anayefunikwa uso ni maiti," alimwambia. "Wewe hujafa. Watu watakupa pole na utaitikia."

Ikawa hivyo. Tulipita sokoni, watu wanne wamebeba lango, mimi nikienda kando. "Pole, Karani," watu walisema, naye aliitikia kwa macho. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza tumbaku alisimama, akavua kofia. "Pole sana," alisema. "Na lile jambo la kazi pia pole. Hatukupata nafasi ya kukupa pole."

Walikuwa wanajua. Soko zima lilikuwa linajua tangu wiki ya kwanza, na kila aliposema likizo walimwachia likizo yake.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Hospitalini walimlaza, mguu wakauvuta kwa kamba iliyopita juu ya chuma cha kitanda, na mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Siku ya tatu nilimkuta anabishana na muuguzi.

"Sista, huu umeandikwa kilo saba. Si saba."

Muuguzi, kwa kumridhisha, aliupeleka kwenye mizani ya watoto wachanga. Alirudi akicheka. Mshono ulikuwa umefumuka na mchanga ulikuwa unavuja. Mkulima wa Mwanhuzi aliyelala kitanda cha pili akasema, "Huyo namfahamu. Huyo kwenye mizani humdanganyi." Nilitoka nje ya wodi nikalia, sijui kwa nini wakati ule.

Wiki ya tano au ya sita, wagonjwa wengine wakiwa wamelala baada ya chakula cha mchana, aliniuliza bila kunitazama, "Lile kopo la dawa ulilipeleka wapi?"

"Shuleni."

"Wapi shuleni?"

"Kabati la chaki."

Nikamwuliza aligunduaje kwamba halipo.

"Nililitafuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kupulizia pamba."

Tangu nilipolichukua kopo hapakuwa na mtu mwenye pamba shambani. Tulikwisha kuvuna, tukang'oa mashina na kuyachoma, na yeye ndiye aliyewasha moto. Alilijua hilo, na alijua kwamba mimi nalijua. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka kengele ya kuwatoa wageni. Sikumwuliza tena. Miaka imepita mingi na sijamwuliza, na kuna asubuhi ninapoamka na swali hilo mdomoni nikalimeza na chai. Lile kopo nilimkabidhi bwana shamba wiki ile ile, nikamwambia limepitwa na muda.

Alirudi nyumbani kwa magongo mvua zilipoanza. Udongo mweusi uliponyonya maji ulivimba na kuzisukuma nguzo, na zote alizozipima kwa timazi zikalala upande, moja huku, nyingine kule. Alikaa barazani akiutazama uzio wake ukiinama na hakuonekana kuumia. Upande wa kisima, pale tulipobomoa, hatukurudishia. Yale mabanzi jirani aliyaomba, akatengeneza kichanja cha kuanikia michembe.

Msimu wa pamba uliofuata, mnunuzi binafsi mmoja alikuja nyumbani. Wakulima wa Nkoma walikuwa wamemgomea, wakisema hawapandishi pamba kwenye mizani ya mtu wasiyemjua. Mume wangu alimkatalia mara mbili. "Hawa ndio waliotumaliza," aliniambia. Mara ya tatu aliuliza mizani yao ni ya aina gani.

Alikwenda na fimbo, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Alirudi Jumamosi, juu ya lori, nyuzi za pamba zikiwa zimemjaa kichwani na kwenye nyusi. Nilimwandalia chai, nikingoja aseme kwamba ameshindwa. Alianza kunieleza jinsi mzigo wa mama mmoja ulivyopunjwa na kibarua, jinsi alivyousimamisha na kuupima upya mbele ya watu wote. Alieleza kirefu, akirudia namba, akisahau kunywa. Chai ikapoa. Niliichukua nikaipasha tena, yeye akaendelea kunieleza kwa sauti kutoka barazani.