Baiskeli Niliyoipaka Sifa

Mimi baiskeli niliipaka sifa. Nasema mapema, ili wa kucheka acheke sasa, tuendelee.

Sifa ni mafuta ya ini la papa. Kwetu chombo hakishuki majini mpaka mbao zake zimekunywa sifa, na baba yangu alikuwa fundi wa vyombo, mtu wa kisiwa cha Kudha aliyehamia Kisimayu kabla sijazaliwa. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Chuoni nilisoma juzuu chache za Kurani, shule sikuiona ndani, lakini sifa naijua: kitu kilichopakwa sifa hakiozi, hakipasuki, na huteleza. Basi kaka yangu alipokwenda ubaharia akaniachia baiskeli yake nyeusi, nzito kama ng'ombe, nikaipaka kama nilivyoona mashua zikipakwa. Nikaanza na vyuma vya juu, nikamalizia rimu za magurudumu. Sikubakisha mahali. Asubuhi yake paka wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga mlangoni kwetu.

Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Somalia, na mimi nilikuwa nimevunja ungo. Msichana wa kwetu akifika hapo hutawishwa. Hukaa ndani, njia haimwoni tena, mpaka apate mume. Mama alikwisha kufagia chumba changu. Na mimi nilikuwa na wenzangu watatu tuliopanga kwenda Gobwen, kule Mto Juba unakokaribia bahari, kwa njia ya ng'ombe na ngamia, siyo barabara ya magari. Nikamwendea baba nikamshika miguu.

Baba akaniambia, "Nenda. Baiskeli ikirudi kama ilivyoondoka, na wewe kama ulivyoondoka, hutawi mwaka huu. Ikirudi na kilema, kesho yake unaingia ndani. Na nisisikie kilio."

Mama akaruka. "Mwaka mzima nje! Watu watasema nini?"

"Watasema ana baiskeli," baba akasema, akarudi kwenye randa yake.

Mwaka mmoja wa jua na upepo. Hicho ndicho nilichokuwa nakifuata Gobwen.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, wasichana wanne, baiskeli tatu. Wa kwanza alikuwa binti wa muuza halua, mnene, mcheshi, na baiskeli ya babake ilikuwa na kengele ya kuamsha maiti. Wa pili Msomali, binti wa mwalimu, ndiye pekee tuliyemwona na kalamu. Wa tatu alikuwa wa kisiwa cha Ngumi, mwembamba kama uti wa samaki, hana baiskeli, akakaa kwenye karia yangu akiwa amepakata furushi la mikate ya mofa na papa mkavu. Mabuibui tuliyakunja tukayafunga kiunoni mara tu nyumba ya mwisho ilipopotea nyuma.

Njia ile! Mjukuu wangu mmoja sasa anapanda milima ya watu huko ughaibuni na kikundi chake, baiskeli ina gia sijui ngapi, kichwani kofia ngumu, magotini ngao. Ananiletea picha, na mimi nawaonyesha majirani hata wasiotaka kuona. Lakini namwambia, mwanangu, sisi tulipita mawe ya matumbawe makali kama meno ya papa, na mchanga mwekundu unaomeza gurudumu hadi katikati, na tulivaa ndara. Penye mchanga tulishuka tukasukuma. Penye mawe tulisimama juu ya pedali, matako hewani, tukipiga kelele. Vumbi lilinigandia kwenye sifa, baiskeli yangu ikawa kama samaki aliyepakwa unga akingoja kukaangwa. Nzi walinifuata mimi peke yangu.

Binti wa muuza halua akapaza sauti, "We shoga, kaa nyuma! Upepo unaleta ini lako huku!"

"Pita mbele basi, kama hilo tandiko litakuacha utoke!"

"Walaal, ndugu yangu," akasema binti wa mwalimu, "hata fisi wakija leo, mimi na huyu tuko salama. Watakwenda moja kwa moja kwako."

Na yule wa Ngumi nyuma yangu, kwa sauti yake ya kuimba ya visiwani, ambako mtu huitwa mchu, "Kuna mchu yeyote ameniuliza mimi niliyekaa hapa?"

Tulicheka hadi tukaanguka, baiskeli zote tatu, papo hapo mchangani. Nimecheka mara nyingi tangu siku ile, nimezaa, nimeozesha, nimecheka na wajukuu. Kama vile, bado.

Sasa, mpaka hapo breki sikuwa nimeigusa. Njia ya tambarare na mchanga, breki ya nini? Karibu na Gobwen kuna tuta refu la mchanga wa kale, ukifika juu unauona mto chini, wa rangi ya chai ya maziwa, na miti yake mibichi. Njia inateremka pale imara, imekanyagwa na ng'ombe ikawa kama sakafu. Wenzangu wakateremka polepole. Mimi nikajiachia kidogo, nione raha. Halafu nikabana breki.

Hakuna. Raba zilishika rimu zikateleza kama mkono juu ya kambare. Nikabana tena kwa nguvu zangu zote. Hakuna.

"Punguza!" akalia wa Ngumi.

"Ruka!" nikamwambia.

"Niruke na mikate?"

"Ruka na mikate!"

Akaruka. Mimi nikampita binti wa mwalimu, nikampita wa halua, nikapita katikati ya mbuzi, na mchungaji wao akaniinulia fimbo akipiga kelele kwa Kisomali, "Gabar waalan!" Msichana mwenye wazimu. Mto ulikuwa unakuja, na mto ule una mamba, kila mtoto wa Kisimayu anajua. Kushoto kwangu palikuwa na boma la mbuzi la miiba. Nikachagua miiba.

Walinitoa vipande vipande, mimi kwanza, leso baadaye. Mkono ulikuwa mzima, mguu mzima, makalio tuyaache. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama chapati iliyokunjwa, na pedali moja imevunjika, imebaki chuma kitupu. Hapo ndipo nilipolia. Siyo kwa miiba.

Wenzangu hawakunibembeleza, walifanya kazi. Tukalibana gurudumu kati ya miti miwili, binti wa muuza halua akalikalia, na huo unene tuliokuwa tukiutania ndio uliolinyoosha kiasi cha kuzunguka. Pedali nikaiunga mwenyewe: nikachonga vijiti viwili kwa kisu cha mchungaji, nikavifunga kwa kamba ya makumbi iliyokuwa kwenye furushi, mafundo yale yale baba anayofungia mbao. Mto tuliutazama tu kwa mbali, tukila mofa yenye mchanga.

Njiani tukirudi binti wa mwalimu akatunga maneno: tuseme ngamia alinipiga teke. Tukakubaliana wote, tukayakariri hadi mlangoni.

Baba alikuwa uani. Aliizunguka baiskeli mara mbili, akapitisha kiganja chini yake kama anavyokagua chombo kilichopandishwa pwani.

"Ngamia, mzee," binti wa mwalimu akaanza. "Ametokea ghafla."

Baba akachomoa mwiba kwenye mtandio wangu, akauinua kwenye mwanga. "Ngamia huyu alikuwa ameota miiba?"

Kisha akanusa vidole vyake. Nikajua yamekwisha.

"Niliipaka sifa, baba. Mpaka rimu. Nikadhani itaenda kama mashua."

Akanitazama sana. Mdomo wake ulikuwa unacheza, lakini hakucheka. "Mashua haina breki, mwanangu. Ndiyo maana hupakwa." Akainama kwenye pedali, akavuta lile fundo, akalivuta tena. Halikulegea. Nikaona mama amesimama kwenye mlango wa kile chumba, na baba akaniambia taratibu, "Tuliahidiana."

Kesho yake nikaingia ndani.

Sikulia, nilikatazwa. Lakini kila alasiri, miezi yote ile, kengele ya kuamsha maiti ilipita chini ya dirisha langu, mara tatu, na mimi nikajibu kwa kugonga sufuria. Mama alijifanya haisikii. Kisha kengele ikawa inapita mara moja kwa juma, maana alibaki binti wa muuza halua peke yake; binti wa mwalimu alikwenda kusoma Mogadishu na yule wa Ngumi akarudi kisiwani kuolewa. Halafu nikaolewa mimi.

Siku ya kupeleka vyombo kwa mume, nyuma ya sanduku, mikeka na masufuria, baba alikuja akisukuma baiskeli. Gurudumu jipya, raba za breki mpya, kiti kipya. Pedali tu hakuigusa. Ilikuwa bado ina vijiti vyangu na kamba yangu.

Mume wangu akaizunguka, akakunja pua. "Hii inanuka nini?"

"Papa," nikamwambia. "Panda nyuma."