Siku Kanisa Nzima Ilisikia Nikiongea na Ampli

Sina haja ya kujificha, juu batu bote ba mutaa wetu wa Kapata banaijua: nilijiaibisha mbele ya kanisa nzima, tena nikiwa nimevaa suti ya ndoa yangu mwenyewe.

Niko na ampli ya zamani, mashine ya kukuza sauti, ya transistor za germanium (bile bidogo bya chuma, habitengenezwe tena, moja ikiungua sina pa kupata ingine, nilitafuta mpaka Dilolo bure). Tangu mama ya batoto bangu alikufa, na batoto bote balihamia Lubumbashi, sauti laini ya hii ampli ndiyo inanipokeaga ku nyumba.

Jirani yangu, Mama Kapinga, alikuwa anaozesha binti yake, na ampli ya korali, kwaya ya kanisa, ikaharibika. Akaniomba yangu. Ningekataa, yangeisha pale. Nilikubali, lakini nikasema nitaichunga mi mwenyewe, mutu asiiguse.

Basi Jumamosi, siku ya ndoa, niko nyuma ya pazia, karibu na altare, ninaipepea na kofia, juu germanium inaogopa moto. Korali ikamaliza, muimbaji mumoja akaweka mikro, kile kipaza sauti, juu ya ampli, akaenda kukaa, mi sikuangalia. Nikagusa chuma, nikasikia moto, nikaogopa, nikaanza kuisemesha sawa vile ninaisemeshaga kila siku (ndiyo, ninaisemeshaga, muchekeni tu).

"Vumilia, mupenzi. Usiniache leo. Ukizimika nitabakia na nani?"

Batu bakacheka. Nikafikiri padri ametia utani, nikaendelea: "Batoto habapige simu. Batakuja siku ya kunizika."

Kicheko kikakatika. Ule ukimya ndiyo ulinishitua. Nikasikia padri anasema pole pole: "Tata Mwamba, mikro iko wazi."

Nikaruka kuifunga, muguu ukakamata waya, bafle, ile spika kubwa, ikaanguka, pazia ikanifuata, nikatokea mbele ya batu bote nimefunikwa sawa bibi harusi wa pili. Hakuna hata mumoja alicheka. (Bangecheka, ingekuwa afadhali.)

Nilibeba ampli yangu, nikatoka. Mama Kapinga akanikimbilia mpaka njiani, ametoa bilato bya sherehe mu miguu, anabishika mukononi.

"Tata, kila asubuhi ninakuuliza kama uko muzuri, unaniambia uko bien. Kuya tule."

"Nimeshiba, mama."

Tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu.

Ku nyumba niliiwasha. Transistor zote zilikuwa nzima. Nikakaa mbele yake kidogo, nikaizima.

Nimeapa mambo mbili: kwanza, nitaangalia mikro mbele ya kufungua mulomo, pili, mutu akiniuliza kama niko muzuri, nitajibu kweli. La kwanza nimelishika. La pili... Jumatatu Mama Kapinga alisimama ku mulango wa lupango, ua wa nyumba yangu, akaniuliza, akangoja sana kuliko siku zote, na mulomo ukajibu peke yake: "Niko bien, mama."