Barakoa ya Mama Msibani

Mama yangu ni mwosha maiti. Mwanamke akifariki katika vijiji vya upande wetu wa Mafia, yeye ndiye anayeitwa. Korona ilipoingia mara ya kwanza aliugua mapema, na alipopona watu wakaamua kwamba sasa haimgusi tena. Waoshaji wenzake wakajitoa mmoja mmoja, kila msiba ukawa wake. Hakukataa hata mmoja. Nadhani alijivunia kidogo.

Kisha redio ikaanza kutaja aina mpya ya kirusi. Mimi ni mdadisi kupita kiasi, na safari hii nilikuwa na hofu pia: je, mama bado alikuwa na kinga? Chanjo ilikuwa haijatufikia. Nikamfuata muuguzi wa zahanati yetu, dada kutoka bara aliyekwisha kuyazoea maswali yangu.

Nilimuuliza kirusi kinabadilikaje, kinamwinda nani, kinataka nini. Akacheka. Hakitaki kitu, alisema, wala hakina akili. Kikiingia mwilini kinajinakili, nakala juu ya nakala, na mara nyingine kinakosea. Makosa mengi hayakisaidii, mengine hukiua. Lakini likitokea kosa linalokifanya kiambukize upesi zaidi, au linaloufanya mwili uliokwisha kuugua usikitambue vizuri, nakala hiyo ndiyo inayoenea. Na kila anayeambukizwa anakipa nafasi nyingine ya kukosea.

Halafu akaniuliza mama anafanyaje kazi. Nikamweleza kwa fahari: glavu na barakoa wakati wa kuosha, na akimaliza anavua vyote, ananawa, anaingia chumbani kuwakumbatia wafiwa.

“Ajikinge na maiti, sawa, lakini maiti hakohoi,” alisema. “Wanaokohoa ni wale waliojaa chumbani.”

Nilirudi nyumbani nimefurahi kujua, na nimeudhika kwamba ni kweli. Nilipomsimulia mama, alikunja uso. Mfiwa asipokumbatiwa, alisema, ataona ametupwa.

Wiki hiyohiyo akaitwa kijijini Ndagoni, kwa bibi mmoja rafiki yake aliyefiwa na dada yake. Nilimsindikiza. Alipomaliza kuosha, alivaa barakoa nyingine, safi. Bibi akamnyooshea mikono. Mama akabaki mlangoni.

“Leo unaniogopa, mwenzangu?”

“Wewe sikuogopi. Nahofia nisije nikawa ninacho mimi, nikakuachia.”

Bibi akageuza uso. Mama alikaa barazani, barakoa usoni, mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini. Wanawake walimtazama na kunong’ona. Niliona aibu, na niliichukia elimu yangu.

Siku ya tatu mama aliamka na homa, anakohoa. Alikuja kulala wiki mbili, kisha akapona, lakini asubuhi ile hatukulijua hilo. Muuguzi alipompima alikuta anacho, kwa mara ya pili. Mama hakuomba hata maji. Alinituma Ndagoni nikamwangalie bibi.

Nilipanda bodaboda, njia nzima nikihesabu walioingia chumba kile. Nilimkuta bibi uani anatwanga kisamvu, mzima kabisa. Nikasimama mbali, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akaweka mchi chini, akaniuliza ninalia nini.