Moto wa Zizini

Kokuberwa alistaafu ukarani wa shule akarudi nyumbani kwake Kipawa, Dar, kufuga ng'ombe, na kwa vile watoto walishaoa na kuolewa, ng'ombe ndio waliopata malezi yote. Walikuwa wawili, bandani nyuma ya nyumba, na ndege zilizotua uwanjani ziliwapita juu bila hata mmoja kuinua kichwa. Maziwa aliuza. Kilichomsumbua ni samadi. Kwao Muleba samadi ni mali, mgomba hauzai bila hiyo. Hapa mjini migomba haikuwepo, ulikuwepo ukuta wa jirani tu.

Fundi Gaspar ndiye aliyemshauri afukie pipa kubwa la plastiki. Samadi na maji vinaingia upande mmoja, gesi inapanda bombani mpaka jikoni. Mkaa umepanda bei, umeme unakatika unapotaka wenyewe, mtungi wa gesi unaisha chapati ikiwa nusu. "Moto huu, mama, utaisha siku ng'ombe wakiacha kula," alisema Gaspar. Hakusema kwamba unatosha chai na mboga tu, na kwamba sufuria moja ya maharage inaweza kuumaliza wote. Hilo Kokuberwa aliligundua mwenyewe, na maharage mabichi mezani.

Lakini kosa kubwa alilifanya yeye, tena kwa furaha. Siku moto ulipowaka mara ya kwanza aliwaita majirani, akawapeleka kwanza shimoni, akakunja mikono ya gauni na kuikoroga samadi kwa mkono, kama alivyozoea kumwona mama yake akiishika shambani. Kisha akanawa kwa sabuni, akawaandalia chai na ndizi za nazi.

Bi Widad, jirani wa ukuta mmoja, alikitazama kikombe. "Mie leo nimefunga, shoga," alisema. Asubuhi ile ile Kokuberwa alikuwa amemwona kibarazani kwake akitafuna mhogo.

Baina ya nyumba hizi mbili kulikuwa na sahani ya maua ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Ikienda na maziwa ya mgando, inarudi na tambi. Ikienda na mkate wa kumimina, inarudi na ndizi. Haikuwahi kurudi tupu. Ndizi za nazi zenyewe Bi Widad ndiye aliyemfundisha, mwaka ule Kokuberwa alipofiwa na mume akaacha kula, na jirani akawa anakuja kila siku kumsimamia mpaka amalize.

Siku chache baada ya mwaliko Kokuberwa aliituma sahani na ndizi za nazi. Haikurudi. Alipochungulia ukutani aliwaona kuku wa Bi Widad wakigombea ndizi zake. Ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haikumuuma. Alikaa jikoni akiutazama moto wake wa buluu, usio na moshi wala masizi, akauchukia. Akampigia Gaspar aje afukue pipa lake. "Moto gani huu unaonifukuzia watu?" Gaspar akasema anakuja, na kwa kuwa ni fundi wa Dar, hakuja.

Ramadhani ikaingia na mvua zake. Alasiri moja umeme ulikatika mtaa mzima. Kokuberwa alikuwa ameinjika maharage aliposikia hodi. Bi Widad alisimama mlangoni na sufuria ya magimbi, ushungi umelowa.

"Gesi imeniishia, mkaa umerowana, na mawifi zangu wako njiani wanakuja kufuturu," alisema harakaharaka, macho sakafuni. "Nimepita nyumba zote, shoga. Nimebakisha kwako."

Si maneno ya kumfurahisha mtu. Kokuberwa alikuwa na jibu lake, alilipika siku nyingi kuliko maharage yoyote: kawaombe moto kuku. Isitoshe moto ulishaanza kunywea, uliobaki ulitosha sufuria moja. Aliyabonyeza maharage yake, bado yalikuwa magumu. Akayaepua.

"Injika," alisema.

Bi Widad aliinjika, akarudi nyuma kusubiri harufu. Akasogea. Akainama, pua ikakaribia kuungua.

"Mbona haunuki?"

"Moto unuke nini, Bi Widad?"

Magimbi yakaiva, na moto ukajizimikia. Bi Widad akaifunika sufuria.

"Zile ndizi nilizimwaga," alisema. "Nisamehe."

"Najua. Kuku wako wamenenepa."

Bi Widad alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akakumbuka mawifi akatoka mbio.

Jioni ile Kokuberwa alikula mkate na maziwa, pembeni ya maharage yasiyolika. Hakutaka kufurahi mapema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na futari ilikuwa imemwinamisha Bi Widad. Kesho akipata gesi huenda akasimama tena.

Adhana ilikwishapita geti lilipogongwa. Bi Widad aliingia na sahani ya maua, imefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na magimbi, yale yale.

"Tumekula sote, na mawifi wakaongeza," alisema. Mkono wa pili ulishika ndoo, ameiweka mbali na baibui. "Maganda haya. Nasikia pipa lako linakula na maganda. Mie mkono siingizi humo, nakwambia mapema. Ila maganda nitaleta."

Kokuberwa aliyala magimbi palepale, amesimama. Kisha akaiosha sahani, wala hakuirudisha kabatini. Kesho ingevuka ukuta na ndizi za nazi.