Kasri la MacLorran kwenye Ratiba ya Mazishi ya Tumaini

Akili yangu imegoma kabisa. Jumatatu Tumaini ananiandikia, "Rehema, pita sokoni Lewisham uchukue ndizi mbichi, Jumamosi napika." Jumatano mshipa umempasuka kichwani. Ndizi zimeivia jikoni kwangu, sijazigusa.

Haya nilitaka kuyasema jana kanisani. Nikanyimwa kipaza sauti. Basi someni hapa.

Tumaini MacLorran, Mnyakyusa wa Tukuyu, amechukua damu za wagonjwa hospitalini huku ughaibuni kwa miaka kumi na tisa. Wale wenye mishipa iliyojificha, waliokwisha kuchomwa mara nne bila mafanikio, walipelekwa kwake. Anafumba macho, anapapasa kwa kidole, anachoma mara moja tu.

Wagonjwa wakisoma beji yake wanashangaa. "MacLorran? Are you Scottish?" Naye: "Kamuulize bibi yangu." Sindano imeshaingia.

Siku moja akaja mzee wa Kiskoti mwenye jina hilohilo, fundi bomba mstaafu, akaanza kujigamba kwamba MacLorran wametoa jenerali, wametoa askofu. Tumaini akamsimulia jina lilivyofika Tukuyu. Mzee akawa mwekundu kama nyanya, sorry, sorry, sorry. "Samahani haitoi damu, baba. Kunja ngumi." Aliponisimulia tulicheka mpaka basi likatupita.

Lilifikaje? Sikilizeni, hasa nyinyi wa kamati.

Bibi yake Tumaini, Tusekile, alikuwa akifua nguo nyumbani kwa Mskoti mwenye shamba la chai. Bwana yule akampa mimba. Kama binti alitaka, hakuna aliyemuuliza. Mtoto alipozaliwa, ndiye baba yake Tumaini, Mskoti akamkana, akafunga masanduku, akarudi kwao.

Siku ya ubatizo mchungaji akamshauri Tusekile amwandikishe mtoto kwa jina la babu, ili kusitiri. "Haya mambo hayasemwi mbele za watu." Tusekile akamjibu, "Aibu si yangu. Andika jina la baba yake."

Mahakama ya kumsikiliza msichana mfua nguo haikuwepo. Lilikuwepo daftari la kanisa. Akafungulia kesi humo.

Ndiyo maana Tumaini aliolewa, akaachika, na jina hakubadili. "Nikilitoa," aliniambia, "nitakuwa nimeifuta kesi ya bibi."

Sasa tuje kwenye kamati yetu tukufu ya mazishi.

Wasifu wa marehemu ulitoka nusu ukurasa. Kamati ikaona haya mbele ya wageni wa Kilburn na Reading. Wangeweza kuwauliza wafanyakazi wenzake, waliojaa benchi la nyuma wakilia na sare zao za kazi. Hapana. Wakaingia mtandaoni, wakatafuta jina, wakakuta orodha ya MacLorran mashuhuri, wakaizoa yote kama ilivyo.

Nimesikia kwa masikio yangu: "Marehemu anatoka katika ukoo uliotoa jenerali, askofu, mchoraji wa farasi, bingwa wa gofu na mtaalamu wa uyoga."

"Amina!" Kanisa zima. Jamani, Amina kwa uyoga!

Ratiba imezungushiwa miraba ya Kiskoti pembe zote. Juu ya picha yake wamebandika kasri la mawe. Mwanamke aliyeishi flat ya chumba kimoja yenye ukungu ukutani amegawiwa kasri akiwa ndani ya jeneza!

Na waliobandika ni walewale waliomwita "Mzungu wa Tukuyu" kwenye group, na vikatuni vya kucheka chini yake. Screenshot ninazo. Msinijaribu.

Nikasimama. Mwenyekiti wa kamati, Kaka Gabi, akanishika mkono. "Dada Rehema, tafadhali, usituharibie shughuli."

"Shughuli? Kwani ni harusi?"

"Tunampa heshima marehemu."

"Kwa jina la mwanamume aliyemkimbia bibi yake?"

"Haya mambo hayasemwi mbele za watu, dada."

Maneno ya yule mchungaji, neno kwa neno! Yametoka Tukuyu hadi Lewisham, yamenunua na suti.

Nikakaa. Mimi, mwenye mdomo mnaoujua, nilikaa. Hilo siwezi kuisingizia kamati.

Ukumbini, kwenye foleni ya pilau, Lusajo, binti wa kaka yake Tumaini, miaka kumi na sita, ameshaweka lile kasri profile picture. "Aunty, are we, like, nobility?"

Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote kwa Kiswahili, tangu nguo za kufua mpaka daftari. Hakugusa simu hata mara moja.

"So he just left her? And we printed his castle?"

"Ndiyo, mwanangu."

"What was her name?"

Nikamtajia. Akaomba kalamu. Akaandika TUSEKILE juu ya kasri, kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akamwendea Kaka Gabi, akamkabidhi ratiba mkononi mbele ya watu wote. "Uncle, you forgot someone."

Kaka Gabi akasoma. Nyama ilikuwa bado mdomoni. Akashindwa kutafuna, akashindwa kutema.

Miaka yote hii nimegombana na watu wazima humu mitandaoni kwa kurasa na kurasa. Binti amemaliza kwa neno moja na kalamu ya kuazima.

Tumaini, rafiki yangu, nisamehe kwamba nilikaa. Najua utakavyonijibu: samahani haitoi damu, kunja ngumi.

Nimekunja.

Lala sasa, mjukuu wa Tusekile. Lala salama. Kesi yenu ina mtu wa kuisimamia.